Mkoba wa Jozi

Jumanne, umande bado haujakauka,
naitoa baiskeli bandani.
Saa nimeiacha jikoni kando ya birika;
miaka thelathini na mmoja imenikimbiza,
nayo ipumzike.

Mkoba wa ngozi nimeufunga palepale, juu ya gurudumu la nyuma.
Mazoea. Ndani mna chupa ya maji
na kisu cha marehemu Gaston.

Barabara ni ileile ya posta:
kuta za mawe makavu yaliyopangwa bila udongo,
miti ya jozi, na kondoo wa huku kwetu,
weupe, macho yamezungukwa weusi
kama waliopakwa wanja wakaambiwa wangoje harusi.

Kilima cha Peyrelade nilikuwa nakipanda wima juu ya pedali,
barua zikinivuta nyuma
kama mtoto asiyetaka shule.
Leo nashuka. Nakokota.
Nani wa kuniuliza?
Kumbe ukingoni huota maua ya zambarau, membamba, hayana hata jani.
Nimeyapita vuli thelathini na moja.

Saint-Orens.
Palipokuwa pa Berthe mwokaji pamesimama sanduku la chuma.
Natia sarafu, linanitemea mkate.
Haliulizi mgongo unaendeleaje.
Nauanza nchani, nikiwa nimesimama,
jambo ambalo mama alilikataza.

Mlangoni mwa kanisa, mitume wa mawe,
pua zao zimeliwa na mvua za karne nane.
Mmoja amekumbatia kitu bapa kifuani.
Siku zote nikipita mbio nilimpungia mkono:
nilidhani ni barua, nilidhani ni mwenzangu.
Leo nimemkaribia hadi pumzi.
Ni kitabu, tena kimefungwa.
Nimempungia hivyo hivyo.

Wakaja Waholanzi wawili, magoti mekundu,
mizigo kila upande kama punda wa sokoni,
wakauliza mnara wa njiwa uko wapi.
Nikawaambia: piteni kwa Delmas aliyekufa,
mkifika kwa wale ndugu wasiosemeshana, kateni kushoto.
Wakashukuru sana,
wakaifuata simu yao.

Nyumba ya mwisho ni ya Anselme Vayssade,
madirisha ya buluu yaliyochujuka.
Nilimletea barua za benki, barua za mahakama,
na moja, mwezi wa pili, yenye muhuri wa hospitali ya Toulouse.
Sikumjua uso. Nilijua mkono:
ulitoka dirishani, ukachukua,
dirisha likafungwa.

Leo yuko nje, anapasua jozi juu ya jiwe.
Akasikia mnyororo wangu.
Mkono ukanyanyuka wenyewe, kiganja wazi.

“Sina kitu, Anselme.”

Akautazama mkoba. Akanitazama mimi.
“Hakuna kabisa?”

“Maji. Na mkate, nimeshaung'ata.”

Akavua kofia,
akaipangusia benchi.

Tukapasua. Ganda hili, ganda lile.
Alizungumza bei ya mafuta ya jozi,
na kunguru anayemwibia, anamjua kwa sura.
Habari ya mwanawe hakuitaja, nami sikuigusa;
ilikaa katikati yetu pale benchini
kama mgeni wa tatu, mpole,
tukamwachia nafasi.
Kivuli cha kisima kilianza miguuni petu
kikaenda hadi langoni, na hakuna aliyekihesabu.

Nilipoinuka akanijazia mkoba, viganja kwa viganja,
mpaka kamba ikakataa kufika tunduni.

Kurudi ni mteremko.
Breki nimeziachia mara moja tu,
kwenye kona ya birika la kufulia,
pale nilipoanguka mwaka wa theluji, barua zikatapakaa,
nikaziokota moja moja nikilia.
Nikapiga kengele, bila sababu.
Jozi zikagongana mkobani, kelele tupu,
kondoo wenye wanja wakageuka wote,
na kule Peyrelade, ghorofani,
pazia likasogea kidogo.
Labda walidhani wameandikiwa.